Mgeni anayepewa jembe: vipande vya DNA vinavyohama, na kazi vilivyojikuta vikifanya

Anayepukuchua mahindi ya kienyeji hukutana, mara moja moja, na hindi lenye punje za rangi mchanganyiko: hii nyeupe, ile ya njano, nyingine zambarau. Hilo peke yake si ajabu. Kila punje ni mtoto anayejitegemea. Chavua iliyomzaa huyu siyo iliyomzaa jirani yake, kwa hiyo ndugu hawa hukaa hindi moja kila mmoja na rangi aliyoirithi. Ajabu iko kwenye punje nyeupe yenye madoa ya zambarau, mengine mapana, mengine madogo kama ncha ya sindano. Hiyo ni punje moja. Rangi yake inakaa katika tabaka la seli zilizotokana na seli moja, na zote zilipaswa kubeba maagizo yale yale ya urithi. Iweje baadhi zijue kutengeneza rangi na nyingine zisijue?

Barbara McClintock, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1902, alilifuata swali la aina hii kwa miaka mingi katika maabara ya Cold Spring Harbor, jimbo la New York. Alilima mahindi yake, akayachavusha kwa mkono, akaziangalia kwa hadubini kromosomu zake, zile nyuzi za DNA zinazobeba jeni ndani ya seli, kisha akarudi kuzikagua punje moja moja. Katikati ya miaka ya 1940 aligundua kwamba kwenye baadhi ya mimea yake kromosomu namba 9 ilikuwa ikikatika, na kila mara ilikatikia pale pale. Mahali hapo akapaita Ds. Lakini Ds haikufanya lolote mpaka kuwe na kitu kingine ndani ya seli, alichokiita Ac, hata kama kilikaa kwenye kromosomu nyingine kabisa. Kisha akaona jambo ambalo halikutarajiwa: katika baadhi ya mimea Ds haikuwa tena mahali ilipokuwa. Ilikuwa imehama.

Madoa yakapata maelezo. Ds ikitumbukia katikati ya jeni ya rangi, jeni hiyo inaharibika na punje inatoka nyeupe. Punje ikiwa bado inakua, seli zikiwa zinagawanyika, katika seli moja Ds inachomoka na jeni inapona. Seli hiyo pamoja na kizazi chake chote inaanza kutengeneza rangi. Ds ikichomoka mapema, kizazi ni kikubwa na doa ni pana. Ikichomoka mwishoni, doa ni nukta. Kila doa linatunza saa ambayo kipande kilihama.

McClintock alichapisha habari hii mwaka 1950, na mwaka uliofuata akaieleza mbele ya wenzake katika mkutano mkubwa pale pale Cold Spring Harbor. Walimheshimu kama mtafiti, ila wengi hawakujua waiweke wapi habari hiyo. Wakati ule jeni zilifikiriwa kama shanga kwenye uzi, kila moja na nafasi yake ya kudumu. Ilibidi vipande vya namna hiyo vionekane kwanza kwenye bakteria, mwishoni mwa miaka ya 1960, ndipo wanabiolojia wengi wakarudi kuisoma kazi yake upya. Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81, alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba peke yake, bila mshirika.

Kuna jambo katika habari yake ambalo naona husahaulika mno. Sisi tunasimulia kuruka. Yeye vipande hivyo aliviita vidhibiti, kwa sababu kilichomvutia hasa ni kwamba Ds na Ac ziliweza kuwasha na kuzima jeni zilizokuwa karibu nazo. Alikosea baadhi ya mambo, kwani alidhani ndizo njia kuu ya mwili kuamua jeni ipi ifanye kazi wakati gani, na sivyo ilivyo. Lakini uhusiano kati ya kuhama na kuwasha, ambao ulichukua miongo kuthibitika, yeye aliuona kwenye punje.

Kata na bandika, nakili na bandika

Jina la kitaalamu la vipande hivi ni transposoni. Kwa maneno mepesi, ni kipande cha DNA kinachoweza kutoka mahali kilipo, au kutoa nakala yake, kikaenda kujipachika mahali pengine ndani ya jenomu ile ile. Jenomu ndiyo jumla ya maagizo yote ya urithi yaliyo katika seli.

Ziko njia mbili kuu za kuhama. Ya kwanza ni kata na bandika: kipande kinabeba jeni ya kimeng'enya kinachokikata kutoka kilipokaa na kukipachika kwingine. Ac ya McClintock ni ya aina hiyo. Ds ni Ac iliyopoteza jeni ya kimeng'enya hicho, ndiyo maana haijiwezi bila Ac kuwepo. Njia ya pili ni nakili na bandika: kipande kinasomwa na kutolewa nakala ya RNA, molekuli iliyo jamaa ya DNA, nakala hiyo inageuzwa kuwa DNA tena, kisha inapachikwa mahali papya. Kile cha asili kinabaki palepale, kwa hiyo kila safari inaongeza idadi. Hivi huitwa retrotransposoni, na ndivyo vilivyojaza jenomu zetu.

Ndani ya kila seli ya binadamu kuna kimoja kinachoitwa L1. Kikiwa kizima kina herufi za DNA zipatazo 6,000 na kinajitengenezea vyombo vyote vya kujinakili. Tunazo nakala zake karibu 500,000, lakini takribani zote zimekatika au zimeharibika. Zinazoweza bado kuhama ndani ya mtu mmoja ni kama mia tu. Kipo pia Alu, chenye herufi 300 hivi, ambacho hakina chombo chake hata kimoja. Alu hudandia. Husubiri L1 itengeneze mashine yake ya kunakili, kisha hujipenyeza na kunakiliwa kwa mashine ya mwenzake. Kwa maisha hayo ya kudandia kimefikisha nakala zaidi ya milioni moja ndani yetu, kiasi cha asilimia 10 ya jenomu nzima. Juu ya hivyo kuna asilimia 8 hivi iliyotokana na virusi vya kale, vya ukoo ambao VVU ni mmoja wa watoto wake, ambavyo viliwahi kuambukiza seli za uzazi za mababu zetu wa mbali. Hivyo vikaacha kuwa ugonjwa, vikawa urithi.

Ukijumlisha yote, karibu nusu ya DNA ya binadamu imetokana na vipande vinavyohama. Sehemu inayoandika protini, ile ambayo shuleni tulifundishwa kama vile ndiyo jenomu yenyewe, haifiki asilimia 2. Kwenye mahindi hali imezidi: jenomu ya mahindi iliposomwa mwaka 2009 ilionekana kwamba kiasi cha asilimia 85 ni vipande vya namna hii.

Kamongo na bunju

Swali linakuja lenyewe: vyote hivi vinatufanyia nini?

Jibu la kwanza, ambalo ni lazima likae kabla ya mengine yote, ni kwamba havihitaji kutufanyia chochote. Mwaka 1980 makala mbili zilizochapishwa pamoja katika jarida la Nature, moja ya Leslie Orgel na Francis Crick, nyingine ya Ford Doolittle na Carmen Sapienza, zilitoa hoja iliyo nyepesi na ngumu kuipinga. Kitu chochote kinachojua kujinakili ndani ya jenomu kitaongezeka, mradi hakimwui mwenyeji wake. Kuongezeka kwake ni sababu tosha ya kuwepo kwake. Si lazima tutafute faida.

Mwangalie kamongo, yule samaki wa Ziwa Victoria na mabwawa ya bara anayepumua hewa na kujifukia kwenye matope kiangazi kikija. Ndugu yake wa karibu, kamongo aitwaye Protopterus annectens, alisomwa jenomu yake mwaka 2021 na ikakutwa na herufi karibu bilioni 40. Ya binadamu ina bilioni 3 na kidogo. Sasa mwangalie bunju, samaki wa pwani anayejijaza hewa akishikwa. Jamaa yake wa Japani, ambaye alisomwa jenomu mwaka 2002, ana herufi milioni 400 hivi. Samaki hawa wawili hawapishani sana kwa idadi ya jeni, lakini mmoja amebeba DNA mara mia ya mwenzake. Kamongo hana maagizo mara mia zaidi. Amebeba nakala juu ya nakala za vipande vilivyoongezeka bila kuzuiwa vya kutosha, na vingi vimeshakufa.

Kwa hiyo anayekwambia kwamba kila herufi ya DNA ina kazi yake, muulize habari za kamongo.

Hata hivyo Waswahili wana msemo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vipande hivi vimekaa ndani ya jenomu siku nyingi mno, mamilioni ya miaka, na katika muda huo baadhi vimepewa jembe. Si kwamba vilikuja kulima. Vilikuja kula na kuzaana. Ila mgeni akikaa ndani, na ana mikono, na kazi ipo, ipo siku mkono wake utashika mpini. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika makala hii: asili ya kitu ni habari moja, kazi yake ya leo ni habari nyingine. Ya pili haifuti ya kwanza.

Mgeni anakuja na swichi yake

Ili jeni ifanye kazi lazima isomwe, na ili isomwe lazima kuwe na mahali karibu nayo ambapo protini fulani za seli zinaweza kutua na kusema: anzia hapa, sasa hivi, kwenye ini na si kwenye jicho. Mahali hapo tupaite swichi. Jeni moja inaweza kuwa na swichi nyingi, nyingine zikiwa mbali nayo kwa maelfu ya herufi. Tofauti kati ya seli ya ngozi na seli ya ubongo haitokani na jeni, maana jeni ni zile zile. Inatokana na swichi zipi zimewashwa.

Transposoni nayo haiwezi kunakiliwa bila kusomwa. Kwa hiyo inasafiri na swichi yake mfukoni, swichi iliyonolewa kuitika protini za seli za mwenyeji. Ikijipachika karibu na jeni isiyo yake, swichi haijui kwamba imehama. Inaendelea kuitika kama zamani, na jeni jirani inajikuta ikiwashwa mahali na wakati ambao haikuwahi kuwashwa. Mara nyingi matokeo ni hasara au si kitu. Mara chache sana ni kitu kipya.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwenye maziwa yetu. Wavuvi wa Mwanza wanawajua furu, samaki wadogo wenye aina chungu nzima. Ziwa Victoria lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita, na tangu lilipojaa tena walichipuka humo kiasi cha aina 500 za furu, kasi ambayo haina mfano mwingi duniani. Nyingi kati yao hazionekani tena tangu sangara alipoletwa ziwani na kuongezeka, na hiyo ni hasara ambayo hakuna maabara itakayoirudisha. Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha jenomu za samaki watano wa jamii hii ya Afrika Mashariki. Mmoja wao ni Pundamilia nyererei, jina ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa: milia yake ya pundamilia, na heshima kwa Mwalimu Nyerere. Miongoni mwa mambo yaliyoonekana ni kwamba vipande vinavyohama vilikuwa vimejipachika karibu na mianzo ya jeni nyingi, na uwepo wao ulikwenda sambamba na mabadiliko katika kiwango cha kusomwa kwa jeni hizo.

Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walionyesha kisa kimoja kwa undani. Dume la furu na jamaa zake lina madoa ya njano au rangi ya chungwa kwenye pezi la chini, lile lililo nyuma ya tumbo, na madoa hayo yanafanana na mayai. Jike hutaga, hapo hapo huyazoa mayai yake kinywani ili ayalinde, kisha huona mengine kwenye pezi la dume. Anapojaribu kuyazoa na hayo, dume humwaga mbegu, na mayai yaliyo kinywani yanarutubishwa. Madoa hayo yanahusika na jeni iitwayo fhl2b. Kabla tu ya jeni hiyo, katika ukoo wenye madoa, kuna kipande kifupi kilichohamia, cha tabia ile ile ya kudandia kama Alu. Watafiti walipochukua sehemu hiyo yenye kipande na kuipandikiza kwa samaki wadogo wa maabara ambao hawana madoa ya mayai, swichi iliwaka kwenye seli zao za ngozi zinazoakisi mwanga, aina ya seli zinazoshiriki kutengeneza madoa ya furu. Sehemu hiyo hiyo kutoka kwa samaki wasio na kipande haikuiwasha hivyo.

Yaani mdandiaji mmoja, akishuka kituo kisicho chake, amesaidia kuandika sura ya mapenzi ya samaki wa ziwa zima.

Swichi inayosafiri ina uwezo mwingine ambao mabadiliko ya kawaida ya DNA hayana. Kosa la herufi moja hugusa mahali pamoja. Transposoni inaweza kusambaza nakala za swichi ile ile karibu na jeni nyingi, na jeni hizo zote zikaanza kuitika ishara moja kwa pamoja. Roy Britten na Eric Davidson walilifikiria jambo hili kinadharia mwaka 1969, wakati hapakuwa na njia ya kulipima. Mwaka 2016 Edward Chuong, Nels Elde na Cédric Feschotte wa Chuo Kikuu cha Utah walilipima kwenye kinga ya mwili. Virusi vikivamia, seli hutoa ishara ya hatari iitwayo interferoni, na jeni kadhaa huamka mara moja. Walikuta kwamba baadhi ya jeni hizo zinaamshwa na swichi zilizotoka kwenye mabaki ya kirusi cha kale, yanayoitwa MER41. Walipoyakata mabaki yaliyo karibu na jeni ya AIM2, seli zikashindwa kuiwasha jeni hiyo ipasavyo ishara ilipofika. Kirusi kilichovamia mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita kimeacha kengele, na leo kengele hiyo inalia dhidi ya virusi wengine.

Wakati mwingine ni jembe lenyewe

Swichi ndiyo habari kubwa, lakini kuna mara ambapo mwili ulichukua jeni nzima ya mgeni. Kondo la nyuma lina tabaka la seli zilizoungana zikawa kitu kimoja kisicho na mipaka ndani, na kupitia tabaka hilo mama na mtoto hupeana chakula na hewa. Protini inayoziunganisha inaitwa sinsitini. Mwaka 2000 ilitambuliwa kwamba jeni yake ni ya kirusi: ndiyo iliyokuwa ikikiwezesha kuungana na seli anayotaka kuingia. Uwezo wa kuvamia ukawa uwezo wa kuunganisha. Panya nao wana sinsitini zao, lakini zimetoka kwa virusi vingine kabisa, kwa hiyo jambo hili limetokea zaidi ya mara moja. Watafiti walipoizima mojawapo kwa panya, vijusi vilikufa tumboni.

Kinga yetu ya mwili inayojifunza inadaiwa deni la namna hiyo hiyo. Ili kutengeneza kingamwili za aina zisizohesabika, seli hukata vipande vya jeni na kuviunga upya kwa kutumia vimeng'enya viwili, RAG1 na RAG2, vinavyokata DNA kwa mtindo wa transposoni ya kata na bandika. Mwaka 2016 kipande kinachofanana navyo kilipatikana kwa mnyama mdogo wa baharini wa ukoo wa mbali wa wenye uti wa mgongo, kikiwa bado na sura yake ya kuhama. Chanjo aliyochomwa mtoto wako kliniki inategemea mkasi uliowahi kuwa wa mhamaji.

Na hata mkia. Mwaka 2024 ilichapishwa kazi inayoonyesha kwamba mababu wa binadamu na nyani wakubwa wasio na mikia walipata, miaka ipatayo milioni 25 iliyopita, kipande cha Alu ndani ya jeni ya TBXT. Kipande hicho kinaifanya seli iruke sehemu ya jeni inapoisoma. Panya waliotengenezwa watoe protini hiyo iliyopungua walizaliwa na mikia mifupi au bila mkia kabisa.

Mlinzi wa mlangoni

Yote haya yasimfanye mtu asahau kwamba kuhama ni hatari. Mwaka 1988 kikundi cha Haig Kazazian huko Baltimore kilichunguza wagonjwa 240 wa himofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda. Wawili kati yao walikuwa na L1 iliyojipachika ndani ya jeni inayogandisha damu, na wazazi wao hawakuwa nayo mahali hapo. Ilikuwa imehama karibuni. Tangu hapo zaidi ya visa 100 vya magonjwa ya kurithi vimehusishwa na vipande vilivyojipachika vibaya. Tena hata vilivyokufa vina madhara, kwa sababu nakala mbili zinazofanana zikikaa karibu, seli inaweza kuzichanganya wakati wa kunakili na kupoteza kila kilichokuwa katikati yake.

Ndiyo maana jenomu hailali. Inavifunika vipande kwa alama ndogo za kikemikali, vikundi vya methili, zinazovizuia visisomwe. Ina mamia ya protini zinazovitambua kimoja kimoja na kuvibana. Na kwenye seli za uzazi inatunza vijipande vya RNA, mithili ya picha za wahalifu ukutani, vinavyosaidia kukikamata kipande chochote kinachofanana na picha.

Uzuri wa picha hizo ulionekana kwa nzi wadogo wa matunda. Nzi waliofugwa maabara tangu kabla ya katikati ya karne ya 20 hawana kipande kiitwacho P. Nzi wa porini wa leo wanacho karibu wote, maana kilivuka kutoka kwa aina nyingine ya nzi wa Amerika na kusambaa dunia nzima katika miongo michache tu. Ukimpandisha dume wa porini kwa jike wa maabara, watoto huzaliwa na viungo vya uzazi vilivyoharibika. Ukibadilisha, jike wa porini kwa dume wa maabara, watoto ni wazima. DNA ni ile ile, ila mama wa porini aliweka picha za P ndani ya yai, na mama wa maabara hakuwa nazo za kuweka.

Mlinzi huyu naye ana athari kwa jeni jirani. Kuna panya wa maabara ambao wana kipande kilichohamia kabla ya jeni ya rangi iitwayo agouti. Kipande kikiwa wazi, jeni inawaka mwili mzima bila kupumzika, na panya anakuwa wa njano, mnene, mwepesi kupata kisukari. Kikifunikwa kwa methili, panya mwenye DNA ile ile anatoka kahawia na mwembamba. Mwaka 2003 Robert Waterland na Randy Jirtle wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapa panya wajawazito chakula chenye nyongeza ya asidi foliki, vitamini B12 na viini vingine vinavyochangia methili, na watoto wa kahawia wakaongezeka. Jaribio hili limetumiwa kuuza vidonge na vitabu vingi. Naomba msomaji awe mwangalifu: linahusu kipande kimoja, mahali pamoja, kwa panya wa ukoo maalumu. Vipande vingi vya namna hiyo, hata kwa panya hao hao, havibadiliki hivyo kwa chakula.

Takataka au hazina?

Mwaka 1972 Susumu Ohno aliipa DNA isiyoandika protini jina la takataka, na jina likanata. Mwaka 2012 mradi mkubwa wa kimataifa wa ENCODE ukatangaza kwamba asilimia 80 ya jenomu ya binadamu ina shughuli ya kibiokemia, na magazeti yakaandika kwamba takataka zimekwisha. Ugomvi uliofuata ulikuwa mkali, na nadhani waliopinga walikuwa na haki katika jambo la msingi. Protini kutua juu ya kipande cha DNA, au kipande hicho kusomwa, si ushahidi kwamba kina kazi. Transposoni imeumbika ili isomwe; kuikuta ikisomwa ni kuikuta ikiwa transposoni. Kazi huthibitishwa kwa kukiondoa kipande na kuona kinachopungua, kama walivyofanya watu wa Utah kwa AIM2, au kwa kuonyesha kwamba uteuzi wa asili umekilinda kisibadilike kwa mamilioni ya miaka. Kwa vipimo hivyo, vipande vyenye kazi ni vingi kuliko alivyodhani mtu yeyote mwaka 1972, na bado ni sehemu ndogo ya vyote vilivyomo.

Turudi kwenye mahindi. Babu yake ni nyasi ya Mexico iitwayo teosinte, kichaka chenye matawi mengi na visuke vya punje chache ngumu kama kokoto. Wakulima wa bonde la mto Balsas walianza kuigeuza kuwa mahindi miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Sababu mojawapo kubwa ya hindi kusimama kwa bua moja badala ya kuchanua matawi ni jeni ya tb1, inayozuia matawi, ambayo kwenye mahindi inasomwa kwa nguvu zaidi kuliko kwenye teosinte. Mwaka 2011 kikundi cha John Doebley cha Wisconsin kilionyesha kinachoiongezea nguvu: retrotransposoni iitwayo Hopscotch, iliyojipachika umbali wa herufi kama 60,000 kabla ya jeni. Kisha wakakadiria umri wake. Ilikuwa imefika hapo angalau miaka 10,000 kabla ya mkulima wa kwanza. Muda wote huo ilikaa kwenye baadhi ya teosinte za porini bila kuonekana na faida yoyote kubwa, ikirithishwa kutoka punje hadi punje, mpaka wakatokea watu waliotaka mmea wa bua moja wakaanza kutunza mbegu zake.